Udongo wa Kilwa ulivyosahihisha joto la bahari ya kale

Katika zama za Eosini, zilizokwisha takriban miaka milioni 34 iliyopita, jamii ya mamba iliishi kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Hata hivyo, visukuku vya planktoni vilivyochimbuliwa kwenye sakafu ya bahari kuu vilidai kuwa maji ya tropiki yalikuwa na nyuzijoto 15 hadi 23 tu, chini ya joto la leo. Yawezekanaje ncha ya dunia iwe na joto na ikweta ipoe?

Mashahidi wa kesi hii ni foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga gamba la chokaa. Kadiri maji yanavyokuwa baridi, ndivyo gamba linavyobeba isotopu nzito ya oksijeni, oksijeni 18, kwa wingi zaidi ikilinganishwa na ile nyepesi, oksijeni 16. Kasoro ilikuwa kwenye hifadhi. Chini ya bahari kuu, maji baridi hupenya kwenye mashapo, chokaa asilia huyeyuka na nyingine hujengeka mahali pake. Umbo hubaki lilelile, lakini kipimo kinachosomwa ni cha maji ya kilindini.

Mwaka 2001, mwanasayansi Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba kutoka mashapo yenye udongo mzito, yakiwemo ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi haupitishi maji, hivyo magamba yalisalimika. Baadaye uchorongaji ulifanyika huko kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania.

Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo hulowekwa, huoshwa juu ya chekecheo laini, kisha magamba huokotwa moja moja chini ya hadubini kwa ncha ya brashi yenye unyevu. Gamba zima hung'aa kama kioo. Lililobadilika huwa jeupe na halipitishi mwanga. Yale mazima huyeyushwa kwa asidi, na gesi inayotoka hupimwa isotopu zake. Jibu likawa nyuzijoto 28 hadi 32, pengine zaidi.

Magamba hayo yanasimulia pia njia za maji. Hantkenina, foraminifera mwenye miiba mirefu, anapatikana Tanzania na vilevile Massignano, Italia, kwa kuwa Bahari ya Tethys iliunganisha Bahari ya Hindi na eneo la Mediterania. Kutoweka kwake Massignano ndiko kunakotambulisha rasmi mwisho wa Eosini, na kwenye machorongo ya Lindi mpaka huohuo unaonekana.

Funzo ni zito kwetu wa ukanda wa joto. Takwimu za zamani ziliwapa baadhi ya watu sababu ya kuamini kuwa tropiki ina kinga yake dhidi ya ongezeko la joto. Kinga hiyo ilitokana na magamba yaliyoharibika. Kwa hiyo kila makadirio ya hali ya hewa ya kale yaanze na swali la hali ya sampuli, kabla ya swali la namba.