Hesabu Kwanza Safari za Msimbo

Ukitaka kupima msimbo unaouliza mtumiaji yumo kwenye makundi gani, usianze kwa kuusoma. Hesabu kwanza unakwenda kwenye seva mara ngapi. Tuseme afisa wa Kata ya Chiwanda anaingia kwenye mfumo na seva ya saraka iko Songea. Swali moja likichukua milisekunde 200 kwenda na kurudi, makundi 40 yakiulizwa moja moja yatakula sekunde 8, na muda wote huo afisa anatazama skrini tupu. Ni sawa na kupiga kasia ziwani kumfuata usipa mmoja, kumleta ufukweni, kisha kumrudia wa pili.

Upungufu unaojificha zaidi ni jibu nusu. Katika Active Directory, iliyokuja na Windows 2000, sifa ya memberOf hutaja makundi ya moja kwa moja tu. Afisa wetu yumo katika kundi la Chiwanda. Kundi hilo limo ndani ya la Wilaya ya Nyasa, na la Nyasa ndani ya la Ruvuma. memberOf itataja Chiwanda na kunyamaza. Hata kundi lake la msingi, ambalo kwa kawaida ni Domain Users, haitalitaja. Msimbo unaotegemea sifa hiyo peke yake kuamua nani afungue faili la mishahara, mimi siupitishi.

Wapo wanaopanda ngazi wenyewe, kundi hadi kundi. Si vibaya, mradi msimbo ukumbuke ulikopita, maana makundi mawili yakiwekwa kila moja ndani ya jingine, msimbo msahaulifu utazunguka bila kikomo. Wengine huiachia seva kazi kwa kanuni ya 1.2.840.113556.1.4.1941: swali moja, ngazi zote. Ufupi wake unapendeza, ila kwenye saraka kubwa huilemea seva. Mimi fundi namtambua kwa sifa ya tokenGroups. Husomwa kwa mtumiaji mmoja, na seva hukokotoa kwa mkupuo makundi yote ya usalama, yakiwemo ya ngazi za juu na lile la msingi. Makundi ya barua pepe tu hayamo. Majibu huja kama SID, yaani vitambulisho vya usalama, si majina, kwa hiyo angalia kama nazo zinatafsiriwa kwa pamoja.

Kisha ukorofi kidogo. Tengeneza kundi la wanachama 1,501: kwa mpangilio wa kawaida seva hutoa 1,500 kwa awamu, na msimbo mvivu huridhika nao. Jaribu pia alama ndani ya majina. Mtu aliyezoea SQL huhofia ritifaa ya jina kama Ng'ombo. Kichujio cha LDAP, itifaki ya kuuliza saraka, hakiijali. Kinachokivuruga ni mabano: kundi liitwalo Walimu (Chiwanda) litaandikwa kwa \28 na \29. Nyota nayo, isipogeuzwa kuwa \2a, swali la kumtafuta mtu mmoja linaweza kurudi na ofisi nzima.