Kulitambua Bao Bora: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Kitui na Makueni

Bao ni ubao uliochongwa mashimo ambamo wachezaji wawili husambaza kete, yaani mbegu au vijiwe vya kuchezea, kila mmoja akijaribu kula za mwenzake hadi mmoja wao akose namna ya kucheza. Kwa kuwa kifaa hicho hutazamwa, hushikwa na kusikilizwa kwa wakati mmoja, ubora wake una pande mbili ambazo mwongozo huu utaziita sura na uchezaji: sura ni yote yanayoonwa na jicho kabla kete ya kwanza haijatiwa shimoni, na uchezaji ni yote yanayoupata mkono na akili baada ya hapo. Mvutano kati ya pande hizo unafahamika vyema kwa vijana wanaobishana kuhusu michezo ya kompyuta, ambao baadhi yao husifu picha zinazong'aa na wengine hudai utamu wa kucheza, lakini ni wa kale kuliko umeme, na mnunuzi katika masoko ya Tulia, Kabati au Wote anayelishika bao hulazimika kuuamua kwa macho na vidole vyake mwenyewe.

Kwa nini sura imetangulia

Uchongaji wa kibiashara wa Wakamba huhusishwa na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, ambaye alijifunza mbinu za wachongaji wa Tanganyika alipohudumu huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na ujuzi ulioenea kwa jamaa na majirani zake. Kabla ya hapo mafundi wa Ukambani walichonga hasa vyombo vya matumizi, kama miiko na viti vya wazee vya miguu mitatu, lakini biashara mpya ilienea hadi Nairobi na Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa Changamwe mwaka 1963, na wateja wakubwa wakawa watalii na wafanyabiashara wa ng'ambo. Mteja asiyejua kucheza hawezi kulalamika kwamba shimo ni jembamba, ila atalalamika kwamba twiga aliyechongwa pembeni mwa bao ana shingo fupi, na mchongaji anayetegemea kazi hiyo kulisha watoto hufuata lalamiko analolisikia. Ndiyo sababu mabao mengi yanayouzwa kama kumbukumbu za safari yana wanyama waliotengenezwa kwa uangalifu mkubwa na mashimo yaliyotengenezwa kwa haraka.

Mfano wa upande wa pili uko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali ambapo Mary Leakey alichimbua mabaki ya kale mwaka 1937 na 1938. Huko safu za mashimo ya bao zimechimbwa moja kwa moja kwenye mwamba, bila pambo lolote, na waliozichimba walijali mambo mawili tu, yaani idadi ya mashimo na nafasi ya mkono kuingia. Bao la mwamba halina bei sokoni, lakini linamkumbusha mnunuzi kile ambacho hakiwezi kuondolewa bila bao kukoma kuwa bao.

Mti

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni mti, na hapa rangi ni shahidi asiyeaminika. Mpingo, mti mgumu wenye kiini cheusi ambao Wakamba huuita muvingo, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kwa kuwa hukua polepole sana na umevunwa kupita kiasi, wachongaji wengi wamehamia kwenye miti myepesi kama mjakaranda, mwembe na mwarobaini, kisha wakaipaka rangi ya viatu ili ifanane na mpingo. Kutumia mti mwepesi si kosa, maana mwarobaini ulioanikwa vizuri hutoa bao la kuaminika, ila kosa ni kumtoza mnunuzi bei ya mpingo kwa mti uliopakwa rangi. Mtihani wake ni rahisi: kitambaa cheupe kilicholowa maji kidogo kisuguliwe ndani ya shimo, na rangi ikitoka nyeusi, bao lipinduliwe na tumbo lake litazamwe, kwa sababu mchongaji hupaka kwa juujuu mahali asipotarajia jicho kufika.

Katika Kitui na Makueni upo mti mwingine unaostahili kupewa nafasi ya mbele, nao ni mukau, mti wa nchi kavu unaostahimili ukame, ambao mbao zake za rangi ya kahawia nyekundu hustahimili mchwa na ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imeufanyia kazi kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui, kwa kuwa mbegu yake hukaa ndani ya kokwa gumu na huota kwa shida. Mukau hufikia umri wa kuvunwa katika muda ambao mpingo bado ni mche mwembamba, kwa hiyo mnunuzi anayeagiza bao la mukau hupata mti wa kwao usiomlazimu mtu kuumaliza msitu.

Aina yoyote ya mti haifai ikiwa mbichi. Wachongaji hupenda mti mbichi kwa sababu tezo huingia kwa urahisi, lakini mti huo hunywea unapokauka, na bao hupasuka au kujipinda. Mnunuzi atazame miisho miwili ya ubao, mahali pete za mti zinapoonekana, na akiona kwamba moyo wa gogo umo katikati ya ubao, ajue kwamba nyufa zitatokea hapo na kuelekea nje. Kisha bao liwekwe juu ya meza iliyo sawa na kubonyezwa pembe moja baada ya nyingine, kwa maana bao linaloyumba leo litayumba zaidi msimu wa kiangazi.

Mashimo na nyumba

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha fundi anayecheza na fundi asiyecheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo upande wake, tofauti na mabao ya safu mbili kama ya ajua ya Waluo au giuthi ya Wakikuyu. Mnunuzi ajue kwanza anataka mchezo upi, kwa kuwa mabao ya kupamba sebule mara nyingine huwa na idadi ya mashimo isiyolingana na mchezo wowote unaochezwa nchini.

Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji ana shimo moja la mraba liitwalo nyumba, katika safu yake ya mbele, la tano kutoka kushoto kwake. Kwa kuwa wachezaji hukaa wakitazamana na kila mmoja huhesabu kutoka kushoto kwake mwenyewe, nyumba mbili hazikai uso kwa uso, bali hupishana kwa shimo moja katikati ya bao. Mchongaji aliyeiga picha bila kuuelewa mchezo huziweka zitazamane, au huzichonga zote duara, au huzisogeza pembeni ili nakshi zilingane. Kosa hilo huonekana kwa mtazamo mmoja tu, na mnunuzi anayelifahamu hahitaji kipimo kingine ili kujua kwamba fundi hakuwahi kucheza.

Umbo la ndani la shimo huamua kasi ya mchezo. Mchezaji huchota kete zote kwa vidole vya mkono mmoja na kuzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata, kwa hiyo shimo liwe na mteremko laini unaoishia kwenye kitako cha mviringo, mfano wa bakuli, ili vidole vifagie kete bila kuzitafuta. Shimo lililotobolewa kwa keekee huwa na kuta wima na kona kali chini, na kete moja hujificha humo mchezaji akidhani ameshachota zote, jambo linaloharibu hesabu na kuzua ugomvi. Kina nacho kiwe cha wastani: shimo la kina kirefu huficha idadi ya kete, ilhali mchezaji hodari anapaswa kuitambua kwa kutupa jicho, na shimo la kina kifupi humwaga kete pale zinaporundikana, hasa katika nyumba. Ukuta kati ya shimo na shimo uwe mpana kiasi kwamba kete iliyodondoshwa haiwezi kurukia shimo la jirani, na kingo zake ziwe zimepigwa msasa hadi zisimkwaruze mtu anayecheza tangu alasiri hadi giza kuingia.

Nakshi

Nakshi si adui wa uchezaji, na mnunuzi asidhani kwamba bao tupu ni bora kwa sababu tu ni tupu. Kipimo ni mahali nakshi ilipowekwa na jinsi ilivyoingia kwenye mti. Viti vya wazee vya Kikamba vinatoa kanuni nzuri: waya mwembamba wa shaba hupigwa ndani ya mti hadi uso wake ulingane na uso wa kiti, kiasi kwamba pambo huonekana lakini halimchomi anayeketi. Nakshi ya bao ifuate njia hiyo, ikae kwenye ubavu na miisho, na izame badala ya kuinuka. Wanyama waliosimama juu ya ukingo huuzuia mkono unaozunguka bao, na pambo lililochongwa juu ya kuta za mashimo hubadilisha urefu wake na kuifanya kete iruke upande usiotakiwa.

Bao linalokunjwa kwa bawaba linahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa mstari wa mkunjo hupita katikati ya mashimo au kati ya safu, na bawaba ikilegea nusu mbili hupishana na kete hunaswa kwenye mwanya. Faida yake ni kubebeka. Anayecheza nyumbani hana sababu ya kulipia bawaba.

Kete

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64, na kete zinazosifiwa zaidi ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe zilizo ngumu, laini na karibu sawa kwa ukubwa. Komwe nzuri haina tundu la mdudu, hakisikiki kitu kikicheza ndani yake inapotikiswa, na hutoa mlio mkavu inapogonga mti, mlio ambao mchezaji huutumia kufuatilia hesabu ya mpinzani. Kete za plastiki zinazouzwa pamoja na mabao ya watalii ni nyepesi mno na huruka, na vijiwe vya mtoni ni afadhali kuliko hizo ikiwa vimechaguliwa kwa ukubwa mmoja.

Kulijaribu

Hakuna ukaguzi unaochukua nafasi ya kucheza. Mnunuzi apange mwanzo wa mchezo mbele ya muuzaji: kete sita katika nyumba, mbili katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwake, na 22 zinazobaki ziwe akiba ya mkononi. Hatua hii ya kuingiza kete moja moja kutoka akiba huitwa namua, na inayofuata baada ya akiba kwisha huitwa mtaji. Azunguke bao zima kwa kasi mara kadhaa, kisha ajiulize kama vidole vimekwama mahali, kama kete imeruka, na kama bao limesogea juu ya meza. Aangalie pia kama miisho ya bao ina vihodhi vya kutosha kuweka akiba ya kete 22 kila upande, kwa sababu bao lisilo navyo humlazimisha mchezaji kushika akiba mapajani.

Vigezo hivyo nje ya bao

Kanuni ya kutanguliza uchezaji inatumika pia kwa michezo ya skrini. Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, una vipande vya miraba tu vinavyodondoka, na bado unachezwa, ilhali michezo mingi iliyosifiwa kwa picha zake imesahaulika. Mchezo mpya unapokaribia kutolewa, matangazo yake huwa ni sura tupu, na anayetaka kuupima asubiri kuona mtu akiucheza mfululizo: mpira wa skrini, kwa mfano, hupimwa kwa namna pasi inavyoutii mkono kabla ya kupimwa kwa jasho linaloonekana usoni mwa mchezaji.

Upande wa mbali kabisa uko mchezo wa masimulizi wa mezani, kama Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo kila mshiriki huchukua nafasi ya mhusika, mmoja wao husimulia ulimwengu na vikwazo vyake, na dadu huamua mambo yenye shaka. Mchezo huo hauhitaji picha hata moja, kwa hiyo ubora wake hupimwa kwa swali moja gumu: je, uamuzi wa mchezaji hubadilisha kweli yanayofuata, au msimulizi ameshapanga mwisho?

Uamuzi

Mnunuzi wa Tulia ana faida ambayo mtalii hana, nayo ni kwamba anaweza kumwagiza fundi badala ya kuchagua kilichokwisha kuchongwa. Agizo lake lieleze mti mkavu, ikiwezekana mukau, mashimo ya mviringo yenye mteremko, nyumba mbili zinazopishana, vihodhi viwili, na nakshi iliyozama ubavuni. Akishindwa kupata yote kwa fedha alizo nazo, aache kwanza nakshi, kisha rangi, kisha aina ya mti, wala asikubali kuacha umbo la mashimo na mahali pa nyumba, kwa sababu bao la mti mwepesi lenye mashimo mazuri litachezeka kwa muda wote litakaodumu, na bao la mpingo lenye mashimo mabaya litadumu kuliko mwenyewe bila kuchezwa.