Bendi ya Mtu Mmoja

Kijana mmoja wa jamaa zangu alinijia na karatasi. Alikuwa ameacha bendi na sasa anataka kupiga kinanda peke yake, kwenye harusi na katika hoteli za pwani. Katika karatasi ile aliandika vyombo anavyotaka kununua: vinanda viwili vya kupandishwa kimoja juu ya kingine, kompyuta ya kubeba, mashine ya midundo, mikrofoni mbili na spika nne. Akaniuliza, "Mjomba, waonaje?" Nikamwambia naona mzigo wa watu wanne umebebeshwa mtu mmoja. Hakufurahi, na siku ile sikumpa sababu zangu. Ndizo hizi.

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya lugha moja ya kuviunganisha, iitwayo MIDI. Kwa waya mmoja wenye pini tano, kinanda kimoja kikaweza kukiamuru kingine, na waya huo ukabeba njia 16 za ala. Hapo ndipo bendi ya mtu mmoja ilipopata nguvu. Wimbo mzima, tangu besi hadi fidla, ukawezekana kuhifadhiwa kwenye disketi, na baadaye kwenye kompyuta. Mpigaji akabaki na kazi ya kubonyeza kitufe na kuimba. Katika taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 kinanda kilichukua nafasi za ganuni, fidla na akodiani. Siwalaumu waliofanya hivyo. Watu kumi na wawili hula, husafiri na hulipwa.

Nami nilipita njia hiyo. Katika harusi moja nilikuwa nimeandaa nyimbo zangu zote kwenye disketi, na nilijiona mjanja. Mama mmoja wa makamo akainuka kutoka meza za nyuma, noti mkononi, akija kutunza. Msomaji anayezijua shughuli zetu anafahamu kwamba mtu wa namna ile hatembei; anacheza, anasimama, anawaonyesha wenziwe noti, anapiga hatua mbili tena. Alikuwa katikati ya ukumbi wimbo ulipokwisha. Haukuwa na sababu ya kutokwisha: niliurekodi wa dakika nne, na dakika nne zilitimia. Mama yule akabaki amesimama katika ukimya, mkono juu, na watu wakacheka. Hakucheka yeye. Aliikunja noti, akarudi kwenye kiti chake. Bendi yoyote mbovu ingezungusha kiitikio hadi afike.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha chombo cha mpigaji wa peke yake: je, kinaweza kusubiri? Kwa kipimo hicho nafikia hukumu ambayo wanamuziki waliosoma hawaipendi. Kinanda cha kawaida chenye midundo ya kujiendesha, kile wanachokidharau kuwa ni cha watoto, kinafaa kuliko wimbo uliorekodiwa. Mkono wa kushoto ukishika sauti tatu, mashine inafuata. Usipobonyeza kitufe cha kumalizia, inazunguka hata alfajiri. Ubaya wake ni kwamba haijui maqamu. Hujaza gitaa na fidla za Kizungu chini ya wimbo wa kwetu, na pale ambapo sauti inataka kukaa katikati ya vibao viwili, robo ya toni, ala zile hugombana na mwimbaji. Dawa yake ni kuzizima. Karibu kila kinanda cha aina hii kinaruhusu ala za midundo zizimwe moja moja. Bakiza ngoma na besi, mengine yafanye kwa vidole. Vipo pia vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, vyenye vitufe vya kushusha sauti robo toni. Anayeimba taarab atafute hicho kabla ya kutafuta kinanda cha pili.

Ama kuhusu umeme, kinanda kikubwa cha fahari mara nyingi hakina spika ndani wala mahali pa betri. Umeme ukikatika, nacho ni meza. Kinanda kidogo cha betri sita kitaendelea kwa sauti yake hafifu hadi jenereta iwashwe, na mara kadhaa nimeona ukumbi ukikaribia kusikiliza kwa makini zaidi katika dakika zile kuliko usiku mzima.

Yaliyobaki ni machache. Stendi iwe nzito kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu watoto wa harusi hupita chini yake. Kanyagio lichomekwe kabla ya kuwasha, na mguu usiwe juu yake. Vinanda vingi husoma hali ya kanyagio wakati wa kuwaka, na ukilikanyaga sauti itafanya kinyume usiku kucha. Adapta ya akiba. Mikrofoni moja nzuri badala ya mbili za bei rahisi. Spika mbili, moja ikielekezwa kwako, maana asiyejisikia hupiga kwa nguvu na kuimba nje ya sauti.

Kompyuta sikuikataa moja kwa moja. Ataihitaji mapumzikoni, watu wanapokula.

Alirudi baada ya wiki mbili. Amenunua kinanda kimoja, spika mbili, na mashine ya midundo hakuiacha. Akanipigia wimbo mmoja sebuleni kwangu. Nilipoinuka polepole kumwendea, nikitafuta noti mfukoni, nilimtazama mkono wa kulia: ulikuwa umekaribia kitufe cha kumalizia, ukasita, ukarudi kwenye kiitikio.