Paka Yu Chini, Mtafutaji Yu Juu ya Ukuta

Ajali nyingi zinazompata mtu amtafutaye paka wake aliyetoroka katika mitaa ya magharibi ya Nairobi hazitokani na ukali wa paka, wala hazitokani na giza peke yake, bali chimbuko lake ni dhana ambayo mtafutaji huianza nayo kazi, nayo ni kwamba mnyama amekwenda mbali na kwamba amepanda juu. Dhana hiyo ndiyo imtoayo mtu mbio mpaka katikati ya Ngong Road, ndiyo impandishayo ukuta wa jirani saa nne za usiku akiwa na ndara miguuni, na ndiyo imfanyayo ayakodolee macho matawi ya mkaratusi huku miguu yake ikielekea kwenye mtaro usiokuwa na kifuniko. Ilhali paka mwenyewe, aghalabu, yumo chini ya gari lililoegeshwa hatua ishirini kutoka mlangoni, amejikunyata kimya, akiitazama miguu ya bwana wake ikipita.

Paka aliyelelewa ndani ya nyumba, atokapo nje kwa fadhaa, hafanyi safari. Hutafuta mahali pa kwanza palipo finyu na penye giza, pa kumkinga mgongo, akaingia humo na kunyamaza. Na kunyamaza kwake si jeuri wala si usahaulifu wa fadhila, kwa kuwa mnyama huyu ni mwindaji wa vidogo na ni windo la vikubwa, hajidhihirishi kwa sauti maadamu anaihisi hatari, hata kama amwitaye ni yule yule anayemwekea chakula kila asubuhi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofuatilia habari za paka 1,210 waliopotea, ukaonyesha kwamba thuluthi moja yao walipatikana katika siku saba za mwanzo, kwamba kufikia mwaka mzima waliopatikana walikuwa asilimia 61, na kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotokea, wale wa ndani wakiwa karibu zaidi kuliko wale waliozoea kuzurura. Tupige hesabu: duara ambalo kitovu chake ni mlango wako na ukingo wake uko mita 50 lina eneo lisilofika hekta moja, na duara la mita 500 lina hekta 78 na ushei, yaani eneo mara mia. Mtu anayetoka mbio kulizunguka duara kubwa kabla hajalipekua lile dogo amejiongezea kazi mara mia, na pamoja na kazi amejiongezea mitaro, mbwa, nyaya na pikipiki.

Na tumfikirie mpangaji wa ghorofa ya nne katika Kilimani au Kileleshwa, ambako nyumba za zamani zenye bustani pana zimebomolewa na mahali pake pakaota majengo marefu yenye roshani nyembamba. Paka wake haonekani, na dirisha la roshani li wazi. Wengi hukimbilia ngazi, wakapekua kila ghorofa, kisha wakatoka getini. Na hapo wameliruka jambo la kwanza, nalo ni kushuka moja kwa moja mpaka chini ya ile roshani na kutazama kwenye vichaka, chini ya magari, na nyuma ya tangi la maji. Mwaka 1987 matabibu wa wanyama wa New York walitangaza habari za paka 132 walioanguka kutoka majumba marefu, na tisa katika kila kumi kati ya waliotibiwa walipona. Wajuao hueleza kwamba paka hujipindua hewani mpaka miguu ikaelekea chini, na katika anguko refu hulegeza viungo na kujitanua, kasi ikatua. Lakini kupona si kutoumia, maana taya huvunjika na kifua hujeruhiwa, na paka aliyevunjika taya hali chakula wala hajibu wito. Kwa hiyo yampasa mtafutaji ainame mpaka kidevu kikaribie saruji. Kazi hii ni ya magoti, si ya ngazi.

Mipaka ya mitaa hii imejengwa kumzuia mtu, haikujengwa kumzuia paka. Chini ya geti kuna mwanya wa kiganja kimoja, naye hupita. Juu ya ukuta kuna vigae vya chupa vilivyosimikwa kwenye saruji, au nyaya za umeme, na huko ndiko mwanadamu anakopanda. Ua wa umeme wafaa uelezwe vizuri, kwa sababu watu huuogopa kwa hoja isiyo sahihi. Mashine yake hutoa mapigo mafupi mno ya volti elfu kadhaa, na kati ya pigo na pigo hupita kama sekunde moja au zaidi, nguvu yenyewe ikiwa imewekewa kikomo ili imshtue mtu pasipo kumuua. Hatari kubwa kwa aliyesimama juu ya ukuta, basi, haimo katika waya, imo katika ule mruko wa ghafla ambao mwili huufanya bila idhini ya mwenyewe, akaanguka chali upande asioujua, mara nyingi akiwa ametanguliza kiganja, na kifundo cha mkono kikavunjika. Katika Lavington na Karen kuna pia ua wa kayaba, ambao kwa macho ya mbali ni majani mazuri yaliyokatwa kwa usawa, na kwa aliyeingiza mkono ndani kuamkua nyau wake ni msitu wa miiba mirefu, migumu, inayopenya mpaka kwenye kiungo cha kidole na kuvunjikia humo. Kipande kilichobaki hakionekani, jeraha la juu hufunga, na baada ya siku chache kidole huvimba. Huko Karen kuna na sababu nyingine ya kutotia mkono katika shimo au chini ya rundo la majani makavu usilolimulika kwanza: nyoka aitwaye moma hakimbii asikiapo nyayo, hulala palepale akangoja.

Kurunzi ni chombo cha lazima, lakini wengi huishika vibaya, usawa wa kiuno, wakaona vivuli vyao wenyewe. Nyuma ya jicho la paka kuna utando ung'aao unaourudisha mwanga kule kule ulikotoka, na kwa sababu hiyo mng'ao ule wa kijani huonekana vizuri na yule tu ambaye jicho lake liko karibu na taa. Ishike kurunzi kando ya shavu, sawasawa na jicho, uipitishe polepole usawa wa ardhi, na ukiona vitone viwili vimesimama, usikimbie. Wakati bora ni baada ya saa sita za usiku, au kabla ya alfajiri, ambapo matatu zimepungua na jenereta zimezimwa. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo hakuna haja ya kungoja majira. Walakini usiku huo huo ndio wakati mbwa wa ulinzi hufunguliwa minyororo, na ndio wakati ambapo mtu mwenye kurunzi anayechungulia chini ya magari ya watu hudhaniwa mwizi. Kabla ya kuinama mara ya kwanza, nenda kwa askari wa geti, umwamkue, umweleze habari, umwonyeshe picha ya paka katika simu, na umwombe awaarifu wenziwe wa mageti ya jirani. Hilo si adabu tu, ni sehemu ya ufundi: askari yuko macho usiku kucha, hana haraka, na anajua ni kichaka gani kilichotikisika.

Katikati ya jiji mambo hugeuka. Paka wa City Market, katika Muindi Mbingu Street, na wa vichochoro vya River Road hawakutoroka popote, wako kazini, nao humchanganya mtafutaji kwa wingi wao. Paka wa nyumbani anayepotelea huko aghalabu ni yule aliyechopoka kikapuni akipelekwa kwa tabibu, na kosa lake ni kosa la kikapu chenye kifuniko cha kufungwa kwa kamba. Huyu hana nyumba karibu ya kurejea, na kelele za magari humsukuma mbele mpaka tundu la kwanza. Usimfuate barabarani. Simama, tazama alikoelekea, hesabu milango na mifereji iliyoko upande huo, kisha rudi usiku.

Neno moja juu ya umati. Februari 2016 simba walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakasikika upande wa Lang'ata na Kibera, na tarehe 30 Machi mwaka huo huo simba dume aliyeitwa Mohawk, aliyekuwa amefika Isinya katika Kajiado, alizungukwa na watu wengi, akamjeruhi mmoja, na akapigwa risasi kabla hajapata kulazwa kwa dawa. Simba si paka wa sebuleni, wala simlinganishi mwenye paka na askari wa wanyamapori. Ila kanuni ya mwendo ni moja kwa jamii yote ya paka, kwamba mnyama aliyezibiwa njia zote huchagua kupita katikati ya mtu. Watoto wa jengo zima wakiitwa kusaidia, wakalizunguka gari kila upande huku wakipiga makofi, kinachotengenezwa hapo ni Isinya ndogo. Watu wawili watosha, na upande mmoja uachwe wazi, kizimba cha mtego kikiwa upande huo.

Sasa tufike penye majeraha mengi kuliko yote, napo ni ule muda mfupi baada ya paka kuonekana. Mtafutaji amekesha, moyo umejaa furaha, anamshika mnyama kwa mikono miwili, anamkumbatia kifuani na kuanza kutembea. Pikipiki inapita, paka anahamaki, na hana njia ya kujinasua ila meno na makucha. Wenye kupenda wanyama huniambia kwamba paka wao hawezi kuwauma, nami sibishani nao juu ya mahaba, ila wakati ule paka hatambui kifua cha nani, anatambua kwamba ameshikwa. Njia ya salama ni kutomshika kabisa. Kizimba cha mtego, kile chenye bamba la kukanyagwa linaloangusha mlango, huwekwa kwenye ukuta au chini ya kichaka alikoonekana, kikatandikwa gazeti ili nyayo zake zisiguse waya, kikafunikwa khanga iliyolaliwa na mtu wa nyumbani ili harufu imtulize, na kitoweo kikawekwa nyuma kabisa ya bamba, si juu yake wala mbele yake, maana paka ni mjanja wa kunyoosha shingo. Kitoweo kizuri katika Nairobi hakihitaji duka la anasa: omena iliyochemshwa kidogo, na mchuzi wake ukinyunyizwa matone machache kuelekea mlangoni, humvuta paka kuliko makopo ya bei ghali. Kizimba kisiachwe mpaka asubuhi bila kutazamwa, kwa kuwa siafu wa bustani za Lavington na Karen wakikuta mnyama asiyeweza kukimbia hawamwachi; pita kila saa moja. Ikiwa kizimba hakipatikani na ni lazima ashikwe, blanketi zito litupwe juu yake lote, akunjwe humo, na mzigo mzima utiwe katika kikapu cha nguo chenye kifuniko.

Na akiuma? Meno ya mbwa ni mapana, hurarua, jeraha huwa wazi na hujisafisha kwa damu yake. Jino la paka ni sindano, hutoboa tundu dogo lisilotoka damu nyingi, likapanda kwa kina bakteria waitwao Pasteurella, kisha ngozi ikafunga juu yao. Ndiyo sababu mtu hulidharau. Mkononi, ambako kano hupita katika ala zake karibu sana na ngozi, uvimbe na wekundu huweza kuanza kabla ya siku moja kwisha na kupanda kuelekea kiwiko, na aliyengoja siku tatu huenda akahitaji kufunguliwa na mpasuaji. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15 kamili, kama Shirika la Afya Duniani linavyoagiza, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama la pini. Huko ataulizwa pia habari za chanjo ya pepopunda.

Lipo na swali la kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao katika Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza katika mbwa kandokando ya Nairobi mwaka 1912, na ambao serikali imejiwekea mpango, uliozinduliwa mwaka 2014, wa kuukomesha kwa binadamu kufikia 2030. Paka huupata kwa kuumwa, na dalili zake zikishamzukia mtu hakuna tiba ya kutegemewa, hivyo daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo, si jirani. Paka wako akiwa na cheti cha chanjo kisichopitwa na wakati, kichukue uende nacho. Akiwa hana, au akiwa aliyeuma si wako bali ni shume wa mtaani uliyemdhania kuwa wako, jambo litokealo sana gizani, eleza hivyo bila haya. Paka mwenyewe asiuawe wala asifukuzwe, afungiwe chumbani mwake ale na kunywa akiangaliwa kwa siku kumi, kwa maana akibaki mzima muda huo mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na daktari aweza kusimamisha sindano zilizobaki.