Qurani Takatifu ya Sheikh Farsy: Dini, Lugha na Siasa

Wapo wanaoisoma Qurani Takatifu ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, iliyotoka Nairobi mwaka 1969, kama kitabu cha dini tu. Sisi twaona humo siasa na utamaduni pia. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alikwishatoa tafsiri yake mwaka 1923, zama za Waingereza, na Waahmadiyya wakatoa yao mwaka 1953. Swali likawa: nani mwenye haki ya kuifasiri Qurani kwa Kiswahili? Sheikh Farsy, aliyehama Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alijibu kwa Kiswahili chepesi cha barazani na kwa maelezo mengi chini ya aya.

Maelezo hayo ndiyo nguvu yake, na ndiyo udhaifu wake. Anapowajibu wapinzani, mara nyingine msomaji huiacha aya akabaki na mabishano. Hata hivyo, hatukubali yafutwe. Chapa isiyo nayo itakuwa nyepesi mkononi, lakini itatunyima ushahidi wa jinsi wazee wetu walivyoitetea dini yao kwa lugha yao wenyewe.