Shahidi Aliyebaki Hai: James Baldwin katika Filamu ya Raoul Peck

Filamu nyingi zinazosimulia maisha ya wanafikra na wasanii jasiri hufanana na wasifu wa marehemu usomwao kando ya jeneza: tarehe ni sahihi, sifa ni tele, na mtu mwenyewe hayumo. Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Kinshasa, amejaribu kuukwepa mtego huo katika I Am Not Your Negro (2016). Kwa muda wa saa moja na nusu hamleti mtaalamu hata mmoja wa kutueleza Baldwin alikuwa nani. Maneno ya msimulizi ni ya Baldwin mwenyewe, hasa kurasa 30 hivi za kitabu alichokusudia kuandika juu ya rafiki zake watatu waliouawa: Medgar Evers mwaka 1963, Malcolm X mwaka 1965 na Martin Luther King mwaka 1968. Baldwin alifariki mwaka 1987 kabla ya kukimaliza.

Neno letu shahidi, kama lile la Kiyunani martys, lamtaja aliyeona na kusema, na pia aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Wale watatu walikufa. Baldwin alijua kwamba kazi yake ilikuwa kuona na kuandika, na filamu hii inafaulu zaidi pale inapotuonyesha jinsi jambo hilo lilivyomwia zito. Twaiona picha ya Dorothy Counts, binti wa miaka 15, akienda shule ya Harding huko Charlotte mwezi Septemba 1957, huku umati wa weupe ukimzomea na kumtemea mate. (Baba yake alikuwa mwalimu wa dini chuoni.) Baldwin asema aliiona picha hiyo Paris, nayo ikamrudisha nyumbani, kwa kuwa ilipasa mmoja wao awe pamoja naye siku ile. Lakini tarehe hazipatani: Baldwin alikuwa amekwisha kurudi Marekani mwezi Julai. Hatumlaumu yeye, maana mtu mwenye aibu hukumbuka mambo kwa uzito wake wala si kwa kalenda. Peck ndiye aliyepaswa kutuambia. Amri ya Nane yamhusu hata yule anayesifu.

Kosa lililo kubwa zaidi ni jingine. Tangu umri wa miaka 14 hadi 17 Baldwin alikuwa mhubiri katika kanisa la Kipentekoste huko Harlem, na filamu yapita hapo kwa haraka mno. Samuel L. Jackson asoma kwa sauti ya chini, yenye uchovu, nayo yafaa. Hata hivyo, Baldwin anaposimama mwenyewe katika mdahalo wa Cambridge mwaka 1965, yeyote aliyewahi kuhubiri atatambua mara moja sentensi zile zilifundishwa wapi: anarudia, anangoja, ndipo anapandisha. Hivyo katika mazungumzo ya televisheni na Dick Cavett, anaposema kwamba hawezi kujua yaliyo mioyoni mwa Wakristo weupe, ila anaona kuna kanisa la weupe na kanisa la weusi, na kwamba Jumapili adhuhuri ndiyo saa ya utengano mkubwa kupita zote, asemaye ni mwana wa nyumba. Mtazamaji asiyejua hayo atadhani ni mpita njia anayeitupia nyumba mawe, na kanisa litajikinga kwa urahisi.

Vivyo hivyo mapenzi yake kwa wanaume, ambayo hakuyaficha katika riwaya zake, yanatajwa kwa karatasi ya FBI tu. Hata msomaji asiyekubaliana na Baldwin katika jambo hilo ataona si haki kuwaachia wapelelezi waseme mahali ambapo mwenyewe alikwisha kusema.

Pamoja na hayo twaihesabu filamu hii miongoni mwa zile zinazostahili kuonyeshwa katika madarasa ya homiletiki. Kwa nini alishuka mimbarani, Peck hatuambii. Baldwin ameeleza katika The Fire Next Time (1963), nasi twashauri wanafunzi wakisome kitabu hicho kwanza.