Mkataba Usiotaja Jina Lako

Mtu wa Tarime au Mugumu, kaskazini mwa Tanzania, akitaka kuona mikataba ya kimataifa iliyoigusa ardhi yake, kwanza atatafuta kwa jina la mahali. Ni njia ya kawaida, nayo itamrudisha mikono mitupu. Tarime haimo katika makubaliano ya mwaka 1886 yaliyoupitisha mpaka kaskazini mwake. Mto Mara hautajwi katika hati za mwaka 1929 zilizotaka kuyawekea maji yake masharti. Serengeti haimo katika ibara ambazo mahakama ilizitumia kuizuia barabara ya lami isikatize hifadhini. Mikataba hii husema kwa digrii za ramani, kwa makundi ya vitu na kwa vitenzi. Anayeitafuta hana budi kuuliza sentensi imejengwaje kabla ya kuuliza inasema nini.

Tuanze na mpaka. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 hayakuja kama kitabu cha ibara. Yalikuwa barua na jibu lake, ya tarehe 29 Oktoba na ya 1 Novemba. Usiyatafute katika mkusanyo wa mikataba wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa wajibu wa nchi kusajili mikataba ulianza na Ushirika wa Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo ukarithiwa na ibara ya 102 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa. Ya zamani kuliko hapo hukaa katika vitabu kama The Map of Africa by Treaty cha Edward Hertslet.

Ukiyapata, usikimbilie ramani. Soma sentensi ya mpaka polepole. Mstari unaanzia kwenye mlango wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unapita mashariki mwa ziwa hilo na kulizunguka kwa kaskazini, unavuka mto Lumi, unapenya kati ya Taveta na Uchagga, kisha unaambaa chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini. Vitenzi vinatembea kwa miguu, na kila kimoja kina kitu cha kugusa. Halafu mwendo unakatika. Kutoka Kilimanjaro mstari unavutwa moja kwa moja hadi mahali ambapo ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria unakatwa na latitudo ya digrii 1 kusini. Hakuna mto tena, hakuna kilima, hakuna jina la watu. Sehemu kubwa ya mpaka wote imebebwa na kishazi kimoja kinachoishia kwenye namba.

Hapo ndipo umbo linaposema kuliko maneno. Sentensi inapinda pale ambapo kila upande ulikuwa na kitu cha kugombea, na inanyooka pale ambapo waandishi hawakujua kuna nini. Nyanda za Wamasai na vilima vya Wakuria viliingia katika unyoofu huo. Wanyabasi na Wairege, koo za Wakuria, wakajikuta pande zote mbili bila kutajwa upande wowote. Ibara ya kwanza ya mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 iliuchukua mstari huo na kuuendeleza ng'ambo ya ziwa kwa kufuata latitudo ileile. Tume ya mipaka ilikuja kuupima ardhini kati ya 1904 na 1906, miaka mingi baada ya kuandikwa. Wakuu wa Afrika walipokutana Cairo mwaka 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, na Nyerere alikuwa mbele katika hoja hiyo. Kishazi kilichoandikwa kwa kutojua kikawa cha kudumu. Mtafiti wa Sirari, mji wa mpakani, basi, atafute digrii 1 kusini. Mwisho wa mstari ule wa 1886 sasa uko wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime.

Hati za Nile za tarehe 7 Mei 1929, kati ya Misri na Uingereza, zina hila nyingine ya uandishi. Zinasema kwamba bila Misri kukubali kwanza, hakuna kazi ya umwagiliaji au ya umeme itakayojengwa kwenye Nile na matawi yake, au kwenye maziwa unakotoka mto huo, katika Sudan na nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa itapunguza maji yanayofika Misri, itabadilisha tarehe ya kufika kwake au itashusha kina chake. Kitenzi ni cha kutendwa, wala hatuambiwi ni nani atakayejenga. Tanganyika imejificha ndani ya "nchi zilizo chini ya utawala". Mara, unaotoka milima ya Mau nchini Kenya, ukapita kati ya Tarime na Serengeti na kuingia ziwani karibu na Musoma, umejificha nyuma ya "maziwa". Kwa kutotaja majina, hati ilinasa eneo kubwa kwa wino mdogo. Lakini kundi hulegea hali ikibadilika. Mwaka 1961 utawala huo uliondoka, na mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilieleza kuwa haifungwi na hati hizo.

Tuje kwenye Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Hapa ndipo utafutaji kwa neno unapopotosha zaidi. Tuseme mtu anataka kujua Tanzania iliahidi nini kuhusu nyumbu wa Serengeti. Ataandika "wanyamapori" na kufika ibara ya 116. Akiisoma atakuta vitenzi vya ofisini: nchi zitaoanisha sera, zitapashana habari, zitaratibu juhudi dhidi ya ujangili, zitahimiza matumizi ya pamoja ya vyuo vya mafunzo na utafiti. Ni vitenzi vinavyotimizwa kwa kikao. Hakuna hata kimoja kinachoweza kusimama mbele ya greda.

Nguvu imewekwa mbali, karibu na mlango wa kuingilia. Ibara ya 8(1)(c) inazitaka Nchi Wanachama zijizuie na hatua yoyote inayoelekea kuhatarisha malengo ya Jumuiya au utekelezaji wa Mkataba. Haitaji mnyama, mti wala barabara. Ni fupi, na kitenzi chake ni cha kuacha. Ahadi ya kutenda, nchi inaweza kuichelewesha miaka na miaka huku ikisema bado inajipanga. Ahadi ya kuacha huvunjwa siku hatua inapochukuliwa. Tena neno "inayoelekea" linamwondolea mlalamikaji mzigo wa kungoja madhara yatokee.

Shirika la African Network for Animal Welfare la Nairobi lilifungua shauri namba 9 la mwaka 2010 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki, likipinga barabara ya kutoka Natta na Mugumu kwenda Loliondo, ambayo kipande chake cha kilomita 53 kingepita hifadhini. Hukumu ya tarehe 20 Juni 2014 ilitaja ibara nne zilizokiukwa: 5(3)(c), 8(1)(c), 111(2) na 114(1)(a). Ya 116 haimo. Tazama pia ibara ya 111(2), ambayo kisarufi inazungumzia hatua za Jumuiya, si za nchi moja moja. Ikiachwa peke yake, Tanzania ingeweza kusema haiambiwi yenyewe. Ikiunganishwa na ya 8, malengo ya Jumuiya yanageuka kitu ambacho nchi hairuhusiwi kukihatarisha. Kwangu mimi, mshono huo ndio ufundi mkubwa wa kesi nzima, na hauonekani kwa anayesoma ibara moja moja.

Shauri lilikwenda rufaa, lakini umbo la amri ya hukumu hiyo ya daraja la kwanza linastahili kusomwa peke yake. Lililoharamishwa ni "pendekezo la awali" la barabara "ya kiwango cha lami" "kukatiza" hifadhi. Kila sifa ni uzio na mlango kwa pamoja. Neno "awali" lina historia: mwaka 2011 waziri wa Tanzania alikiandikia Kituo cha Urithi wa Dunia kwamba zile kilomita 53 zingebaki za changarawe. "Lami" inaiacha changarawe nje ya katazo. "Kukatiza" kunaishia getini, kwa hiyo barabara za vijijini upande wa Mugumu hazihusiki. Mwishoni amri inaiachia serikali haki ya kuanzisha mipango mingine siku za usoni, mradi isiwe na athari mbaya kwa mazingira na mfumo wa ikolojia. Ukiilinganisha na ufupi wa ibara ya 8, sentensi hii ni nzito na ina viungo vingi mno, na mkia wake umeachwa bila mtenda: nani atakayepima athari hizo, na kama atazipima kabla au baada ya greda kuwashwa, haisemi.